Harusi ya Lagos ndani ya simu moja

Mwezi huu hatukuja na habari ya mgao wala ya bomba la maji. Tunataka kuwasimulia filamu moja tuliyoangalia nyumbani kwetu, watu tisa na simu moja, na vile ilivyotuchoma huku tukicheka.

Inaitwa The Wedding Party, ni ya Nigeria. Aliyeiongoza ni mama, Kemi Adetiba. Ilionyeshwa Toronto, Kanada, Septemba 2016, na Desemba ikaingia kwenye kumbi za sinema za Nigeria, ikavunja rekodi ya mapato ya filamu za kwao. Sisi tuliikuta Netflix. Kwa wasioijua, ni mahali pa filamu kwenye intaneti, unalipa kwa mwezi. Ndugu yetu aliye nje ndiye alitulipia mwezi mmoja. Kuangalia moja kwa moja kunakula bando vibaya sana, lakini tangu Novemba 2016 wanaruhusu kupakua, filamu ikakaa ndani ya simu. Kijana wetu wa sekondari akaipakua usiku, wakati mtandao una nguvu kidogo.

Yeye ndiye alikuwa mtafsiri, kama wale wa vibanda vya video. Wanaongea Kiingereza, wanachanganya na lugha za kwao. Palipokuwa Kiyoruba alisoma maandishi ya chini, yakipita mbio ananyamaza. Hapo akina mama wakatafsiri wenyewe kwa kuangalia sura tu, na hatudhani walikosea sana.

Karibu yote ni siku moja ya harusi. Dunni ni Myoruba, binti pekee wa kwao, amejitunza mpaka ndoa. Dozie ni Mwigbo, kijana wa watu wenye pesa, na huko nyuma alikuwa wa wasichana wengi. Vijana wanapendana, hilo halina shida. Shida ni mama zao. Mama wa Dozie, anayechezwa na Iretiola Doyle, anawaangalia wakwe zake kama watu wa chini, anatabasamu kwa meno tu. Mama wa Dunni ni Sola Sobowale. Huyo hanyamazi! Anacheza, anapiga kelele, kilemba kichwani kikubwa kama sinia, wao wanakiita gele. Na kumbe ndani ya nyumba ya wale wakubwa moto unawaka: mzee ana mwanamke wa nje.

Hatusemi ni filamu ya akili nyingi. Wageni ni wengi kupita kiasi, pesa zinarushwa kama hakuna anayezihesabu, na mambo mengine yananyooka upesi mno. Lakini ile macho ya mama wa bwana arusi, vile anavyompima mwenzake kuanzia viatu, hiyo tunaijua. Sisi wenyewe tumepimwa hivyo. Na sisi tumepima.

Tueleze kidogo. Binti yetu alikuwa ameposwa. Sisi ni Wabembe wa Fizi, kijana ni Mfuliru wa Uvira. Kwenye kikao cha mahari tulitaja ng'ombe wanne, tukijua wazi hapa kambini hakuna zizi wala malisho. Mama wa kijana akasema kumbe tunamuuza mtoto. Sisi tukasema kumbe wanataka wa bure. Tukaachana hapo, miezi mitatu, salamu ni ile ya njiani tu.

Jioni ile mama huyo alikuja kudai beseni lake. Akasikia vicheko, akachungulia, mtoto akampa kigoda. Angekataaje? Akakaa pembeni na beseni mapajani, kama mtu anayeondoka sasa hivi.

Sherehe ikiwa katikati, Dunni anamshuku mume wake, anaondoka zake na gauni lake jeupe. Hapohapo simu ikazima! Chaji imeisha. Watoto walilia kama wamefiwa. Giza, na watu wazima wakaanza kubishana: arudi, asirudi? Wengi wakasema arudi, chakula kimeshapikwa. Ndipo tukasikia sauti ya mama wa kijana: “Mtoto wa watu asirudi mpaka aombwe msamaha. Mimi niliolewa nikadharauliwa na mama mkwe, mpaka leo naikumbuka sahani aliyoninyima.” Akanyamaza. Halafu akasema, polepole, kwamba yeye ng'ombe hakuwaogopa. Aliogopa kwamba faili letu la Marekani likipita, tutaondoka na mkwe wake, au na mtoto wake.

Hatukuwa tumefikiria hilo hata siku moja. Mpango wa Marekani wenyewe ulisimamishwa Januari 2025, na faili letu lilibaki palepale lilipo. Tulimwambia hivyo, gizani, na tukaomba radhi kwa wale ng'ombe.

Kesho yake tukapeleka simu kwa mwenye sola. Saa moja jioni mama huyo alikuwa ameshafika, safari hii bila kisingizio cha beseni, na karanga kwenye kitambaa. Dunni na Dozie walipopatana alipiga vigelegele. Na kijana wetu aliposoma kwamba waliocheza bibi na bwana arusi, Adesua Etomi na Banky W, walioana kweli Novemba 2017, alikataa kuamini mpaka aonyeshwe picha.

Kikao cha mahari kimepangwa upya. Ng'ombe wamegeuka mbuzi, idadi bado inabishaniwa, na baba mmoja wa upande wetu amenuna. Filamu ina sehemu ya pili, ya mwaka 2017, harusi yake ni ya Dubai. Mama wa kijana amesema bando la hiyo atanunua yeye.