Mnara Unatazama Wapi?

Bila shaka wewe, msomaji, umekwisha kuzitazama filamu za katuni za Kijapani ziitwazo anime, na miji yake unaijua kuliko mimi: ukuta wa mawe wenye minara, lango kubwa, mapaa mekundu yaliyosongamana, na ngome ya mfalme katikati. Mimi nafundisha Thika na kukaa Ruiru. Siku moja mwanafunzi wangu alinikabidhi daftari la insha ambalo ndani yake hamkuwa na insha, bali mji wa namna hiyo, uliochorwa kwa kalamu ya risasi nyumba kwa nyumba. Nilikusudia kumwadhibu, badala yake nikaketi kuutazama, maana mimi sijui kuchora hata chungu.

Alikuwa ameifuata Attack on Titan, hadithi ya Hajime Isayama iliyoanza kutolewa mwaka 2009. Humo wanadamu huishi ndani ya kuta tatu, moja ndani ya nyingine, zenye kimo cha mita 50. Mfalme na wakubwa wako ndani kabisa, na miji midogo imechomoza ukingoni kama chambo, ili majitu yalayo watu yakusanyike hapo na askari wachache watoshe. Ni ukatili, lakini si upuuzi. Gedi, karibu na Malindi, mji ulioachwa na wenyeji wake katika karne ya 17, nao ulikuwa na kuta mbili: jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za mawe zilikuwa ndani ya ukuta wa pili; wenye nyumba za udongo walikaa nje yake.

Jioni nilimwonyesha nyanya yangu picha ile. Amepita miaka 80. Aliitazama kwa kitambo, kisha akauliza, "Askari wa mnara huu anatazama wapi?"

"Nje, nyanya, adui atokako."

Akacheka, wala si kwa furaha. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati, ikawarundika katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji chake, upande wa Gatundu, kilizungukwa na seng'enge na handaki lililopandwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Kilikuwa na lango moja, na mnara mmoja. Waliambiwa kwamba handaki ni la kuwakinga na wapiganaji wa msituni.

"Lakini mlinzi," alisema nyanya, "alitazama nyumba zetu. Kuni tulitafuta tukisimamiwa, na maji vilevile. Jua likizama, lango limefungwa."

Nilimrudishia mwanafunzi daftari lake bila adhabu, nikamwuliza swali lile lile. Alinyamaza. Kisha akageuza ukurasa, akaanza kuuchora mji upya, safari hii kutoka juu ya mnara. Na askari wake alikuwa ameupa ukuta kisogo.