Kushusha Injini Uani

Mafundi wa Arusha husema wanashusha injini. Kwa Noah za zamani, ambazo injini yake hukaa chini ya viti vya mbele, neno hilo linakaa sawa. Land Rover 109 ni habari nyingine. Injini yake unaivuta mbele, unainyanyua juu, kisha unalisukuma gari nyuma liondoke chini yake. Hata hivyo fundi atakwambia anashusha, na atakudai hela ya kushusha.

Hayo niliyajua likizo ya mwaka wa pili wa uzamili, nikiwa nyumbani Usa River naandika tasnifu ya historia. Land Rover la baba, Series III la dizeli, lilikuwa limesimama kando ya zizi tangu tulipomzika. Kwa miaka mingi lilibeba matenga ya nyanya kutoka Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, likipita barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha, likiteremka hadi kwenye lami na kuishia soko la Kilombero mjini. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover na mamia ya magari yakapita kwa msururu yakiwa yameoshwa yanang'aa, baba alikuwa bado hai. Hakwenda. Alikuwa na nyanya za watu.

Gari lilikuwa linawaka, ila lilikuwa linagonga. Sauti ilitoka chini kabisa, nzito, na ilizidi ukikanyaga mafuta. Mnunuzi mmoja alikuja, akasikiliza kwa dakika moja, akatikisa kichwa.

“Mama, hii kranki imekwisha. Haisagiki tena.”

Akataja bei ya vyuma chakavu. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam akapiga simu usiku ule, akasema ipokelewe hiyohiyo kabla hajabadili mawazo. Mama akajibu kwamba hawezi kuuza kitu kwa maelezo ya mtu anayetaka kukinunua.

Kranki ndiyo mhimili unaopokea nguvu ya pistoni na kuugeuza mwendo wa juu na chini uwe wa kuzunguka. Imeshikwa na beringi, vipande vyembamba vyenye umbo la nusu duara, na kati yake na beringi hupita utando wa oili. Beringi zikila, injini hugonga. Dawa yake ni kuisaga kranki mpaka iwe laini tena, kisha kufunga beringi nene zaidi ili zijaze pale palipopunguzwa. Husagwa kwa hatua, na mafundi huzitaja kwa namba: 10, 20, 30, 40. Hatua moja ni sehemu 10 za elfu moja za inchi, yaani robo ya milimita hivi. Ikishafika 40 na kuliwa tena, unatafuta kranki nyingine. Kwa hiyo ubishi wote wa mama na mnunuzi ulikuwa juu ya namba moja ambayo hakuna aliyeiona.

Gereji mama alikataa. Aliwahi kupeleka gari mahali fulani, likarudi na starta isiyo yake. “Itafunguliwa hapa uani,” alisema, “nikiwa nimekaa.”

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi na kijana wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anakagua mringaringa ulioko nyuma ya jiko. Kaka alikuwa ameshauri kwenye simu kwamba tawi lake kubwa linatosha kuning'iniza winchi ya mnyororo. Fundi akakataa.

“Winchi imeandikwa tani moja. Tawi limeandikwa ngapi?”

Akasimamisha miguu mitatu ya mabomba ya chuma, akaifunga juu, akaikalisha kwenye vipande vya mbao isizame kwenye udongo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila waya uliochomolewa niliufunga kipande cha plasta chenye namba. Bolti nilizichomeka kwenye boksi nililochora umbo la pale zilipotoka. Betri ilitoka kwanza, kisha maji na oili, kisha boneti. Rejeta lilitoka pamoja na uso wa mbele, maana Land Rover la aina hii limeungwa kwa bolti kila mahali. Ekzosi, mabomba ya dizeli, waya wa starta. Halafu tukafungua sakafu ya ndani, kwa sababu nati zinazoshika injini na giaboksi hufikiwa kutokea miguuni pa dereva. Hapo tulikuta udongo mwekundu, mbegu za nyanya zilizokauka na shilingi mia mbili.

Saa nane mchana giaboksi ikawekewa gogo chini yake ili isining'inie. Mnyororo ukakazwa. Injini ikasogea mbele kidogo, ikakwama.

“Msivute kwa hasira,” fundi alisema. “Shafti ya giaboksi bado iko ndani ya klachi. Mkiipinda, mmenunua na giaboksi.”

Akaitikisa taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa jino la mtoto, mpaka ikaachia. Tukalisukuma gari nyuma. Injini ikabaki inaning'inia uani, inadondosha oili kwenye beseni, na kuku wakakimbia.

Jioni, juu ya turubai, baada ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, fundi alifungua beringi ya kwanza. Akaigeuza mgongo, akaifuta kwa kidole, akanipa nisome. Ilikuwa imegongwa muhuri: 020.

“Imeshasagwa,” alisema. “Bado ina 30 na 40. Aliyewaambia imekwisha alikuwa ananunua.”

Mama aliomba aishike. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akauliza kazi kama hiyo hugharimu kiasi gani, na fundi alipomtajia, akacheka peke yake. Upo mwaka baba alilipeleka gari Moshi kupakwa rangi, likakaa wiki tatu, likarudi na rangi ileile. Mwaka huohuo aliuza ng'ombe wa maziwa wa mama kwa ajili ya deni ambalo hakulieleza vizuri.

“Kumbe ng'ombe wangu yuko humu,” alisema.

Nilikuwa nimeshinda miezi kwenye nyaraka nikitafuta watu walivyoishi, na baba yangu alikuwa ameandikwa kwenye mgongo wa beringi, mahali ambapo mtu hasomi mpaka kitu kiharibike. Sikumwambia mama hivyo. Nilimshikia taa.

Jumatatu tuliipeleka kranki kwa msagaji Unga Limited. Akaipima kwa maikromita, akasema 30 itatosha kuondoa mikwaruzo. Mama alilipa kwa magunia ya mahindi aliyokuwa ameyahifadhi asubiri bei ipande, na kaka akatuma nauli ya fundi bila kusema neno.

Injini iliporudi ndani na kuwaka bila kugonga, mama aliagiza kopo dogo la rangi nyeupe. Akainua boneti, akaandika kwa ndani: 020, ng'ombe. Chini yake: 030, mahindi. Chini ya hapo akaacha nafasi ya mstari mmoja.