Nani Atuandikie Barua?

Sisi mafrateri tunaomaliza falsafa na kuomba nafasi ya shahada ya uzamili tunatakiwa kutaja wadhamini wa kutuandikia barua za mapendekezo. Wa kwanza kumfikiria ni askofu, kwa kuwa jina lake ni zito. Ruhusa yake tunaihitaji, lakini hajasoma insha zetu juu ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Aliyezisoma ni mwalimu wa metafizikia, yule wa wino mwekundu. Tunamwogopa kwa sababu atasema kweli. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ndio barua yake: aliishi nao, wakajuana. Basi tumwendee mwalimu huyo mapema. Akikubali, tumpe matokeo na insha zetu. Akisita, tumshukuru, kisha tumuulize kinachopungua.