Minmus, Ngomeni na bei ya kukata kona angani

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie mchezo wa kompyuta. Usikimbie! Mchezo wenyewe ni Kerbal Space Program, ulioanza kutolewa mwaka 2011, na ndani yake kuna hesabu ambayo ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha kijijini kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Katika mchezo huu unaunda roketi, unairusha kutoka sayari iitwayo Kerbin, kisha unakwenda utakako. Kerbin ina miezi miwili. Wa karibu, Mun, unazunguka sawasawa na ikweta, kwa hiyo ukirusha roketi kuelekea mashariki tayari uko kwenye njia yake. Wa mbali, Minmus, njia yake imeinama nyuzi 6. Hapo ndipo wengi hukwama. Roketi inafika umbali unaotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, lakini mwezi uko juu yake au chini yake, na chombo kinapita hivyo hivyo.

Mpwa wangu alikuwa akitazama nikicheza, akauliza: "Mjomba, si tumefika? Mbona mwezi uko kule juu?" Alikuwa kidato cha pili, na wiki ile alitakiwa kurudisha fomu ya kuchagua masomo. Fizikia hakutaka hata kuisikia, kwa sababu, alivyosema yeye, hesabu za namna ile hazina kazi Ngomeni. Basi nikaacha kucheza, nikamjibu kituo kwa kituo.

Fikiria sinia la pilau. Kerbin iko katikati, na chombo chako kinazunguka kwenye ukingo. Minmus nayo ina sinia lake, kitovu ni kile kile, lakini limeinamishwa. Masinia mawili ya namna hiyo yakipitana hukutana kwenye mstari mmoja tu, na mstari huo hugusa njia ya chombo chako mahali pawili. Mahali hapo huitwa nodi. Ukishaichagua Minmus kuwa shabaha, mchezo unakuonyesha nodi zote mbili. Subiri ufike kwenye mojawapo, elekeza pua ya chombo pembeni ya njia, si mbele wala nyuma, kisha washa injini. Sinia lako litaanza kuinama. Pembe ikifika sifuri, zima injini: sasa wewe na Minmus mko kwenye sinia moja.

Kinachoshangaza ni bei yake. Bodaboda ikikata kona, barabara ndiyo inayoisukuma upande. Angani hakuna barabara, kwa hiyo kila msukumo wa kona unaulipia kwa mafuta. Kanuni ni fupi: chukua kasi yako, zidisha kwa 2, kisha zidisha kwa sini ya nusu ya pembe. Ukiwa kilomita 100 juu ya Kerbin unakwenda mita 2,246 hivi kwa sekunde, na kona ya nyuzi 6 inakula mita 235 kwa sekunde. Kona ya nyuzi 60 inakula sawa na kasi yako yote!

Njia za kupunguza gharama ni mbili. Ya kwanza, kata kona ukiwa mbali, maana huko chombo kinakwenda polepole. Ya pili, na ndiyo nzuri zaidi, rusha roketi ikiwa imeshaelekea kule kule tangu chini, wakati uwanja unapopita kwenye sinia la Minmus. Uwanja wa kurushia katika mchezo uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kila mwinamo uko wazi kwako.

Sasa tutoke kwenye mchezo. Sinia la chombo chochote kinachozunguka Dunia lazima lipite kwenye kitovu cha Dunia, na uwanja uliokirusha lazima uwe ndani ya sinia hilo. Kwa hiyo huwezi kurusha moja kwa moja kwenye mwinamo mdogo kuliko latitudo ya uwanja wako. Cape Canaveral, Marekani, ni nyuzi 28.5. Baikonur, Kazakhstan, ni karibu 46. Ngomeni haifiki 3. Hata sinia la Mwezi wetu, lililoinama kati ya nyuzi 18 na 29 kwa ikweta, hupita juu ya Ngomeni mara mbili kila siku.

Waitaliano waliliona hilo mapema. Profesa Luigi Broglio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Roma waliweka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, na tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Kimarekani aina ya Scout ikapeleka setilaiti kwenye obiti kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikaondoka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani. Wakaiita Uhuru. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 3. Obiti ya ikweta inafaa kazi hiyo kwa sababu inakwepa sehemu kubwa ya mnururisho mkali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao huvuruga vihisi.

Linganisha na IXPE, setilaiti nyingine ya eksirei, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021. Nayo ilitaka ikweta, urefu wa kilomita 600 hivi, lakini iliondokea Florida. Kasi ya huko juu ni mita 7,560 kwa sekunde. Piga hesabu ile ile: kona ya nyuzi 28.5 ni kama mita 3,700 kwa sekunde. Kutoka Ngomeni ingekuwa kama 400. Roketi ya Falcon 9 iliibeba setilaiti ndogo, kisha ikatumia nguvu zake kukata kona ilipovuka ikweta. Na data zake zilipangiwa kushukia wapi? Kituo cha Waitaliano kile kile cha pwani yetu, kwa kuwa setilaiti ya ikweta hupita juu yake kila mzunguko.

Mpwa akauliza: "Basi mbona hawarushi tena hapa?" Setilaiti ya mwisho iliondoka San Marco mwezi Machi 1988. Nilimwambia ukweli: latitudo peke yake haitoshi. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, bahari ndiyo yetu. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitolewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ikazunguka kwa mwinamo wa nyuzi 51.6, mwinamo wa kituo hicho, unaofikika kutoka Baikonur. Abiria hachagui njia ya basi. Nikamwambia pia kwamba ikweta si dawa ya kila kitu: Taifa-1 ya mwaka 2023, inayopiga picha za ardhi, ilihitaji obiti ya kupita karibu na ncha za Dunia, na huko Ngomeni haina faida hiyo.

Fizikia aliiweka kwenye fomu. Alivyoamua ni yeye.

Anayetaka kujaribu kwa Dunia na Mwezi halisi atafute Orbiter, programu ya bure ya Martin Schweiger, ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2021. Mahali pa kuanzia pameandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Badilisha tarakimu za pale, weka longitudo 40.21 na latitudo -2.94, na utajikuta San Marco. Jukwaa hutaliona, utakuwa juu ya maji matupu. Subiri sinia la Mwezi lipite juu yako, halafu rusha. Kila la heri!