Fundi Konde, Fundi wa Sauti

Msomaji wa visiwani asikiapo neno Konde, fikira humwendea Pemba ya kaskazini. Huko Bujonde, katika tambarare za mpunga za Kyela, neno hilo lina historia nyingine: wamisheni wa Kijerumani waliofika mwaka 1891 waliiita nchi ya Wanyakyusa kwa jina hilo hilo. Konde wa tatu ni mwanamuziki wa Kilifi, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Majina yamekutana tu, nasaba haimo. Lakini sauti haiulizi nasaba.

Fundi Konde alitumikia Burma katika Vita Vikuu vya Pili, akiwatumbuiza askari. Miongoni mwa askari hao walikuwamo wa Tanganyika, waliorudi makwao na Kiswahili cha kambini. Baada ya vita alirikodi kwa chapa ya HMV, akawa miongoni mwa wa mwanzo kupiga gitaa la umeme Afrika ya Mashariki, kisha akashika mitambo ya studio Nairobi, akiwarikodi wenzake.

Hapo ndipo jina Fundi linapopata uzito. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua takriban dakika tatu. Ala na sauti ziliingia kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote huanza upya. Mtunzi alibanwa na muda kama mshairi anavyobanwa na mizani: neno lisilobeba kitu halina nafasi. Ndiyo maana Kiswahili cha "Tausi Ndege Wangu" au "Majengo Siendi Tena" ni chepesi bila ya kuwa duni, nacho humfaa hata msikilizaji wa Bujonde aliyelelewa kwa Kinyakyusa.

Nyimbo zake za zamani zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1994, naye yu hai. Alifariki mwaka 2000. Kazi yake ya pili haikupata bahati hiyo. Kibandiko cha santuri aghalabu kilitaja mwimbaji, si aliyeketi mitamboni. Washairi wetu hutia jina katika ubeti wa mwisho ili tungo zisipotelee mikononi mwa wengine. Fundi wa mitambo hakuwa na ubeti huo. Wenye santuri za zama zile, wawe Pemba au Kyela, watafanya hisani kubwa wakiyaandika majina ya waliozirikodi, maadamu wapo bado wanaoyakumbuka.