Tulivyokwenda Kuitazama Nyumba ya Wazee



Mama yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Sasa ana miaka 82, wala hakujaliwa mtoto. Mimi na mke wangu hutoka nyumbani kwetu Dar es Salaam alfajiri, tukarudi usiku. Mara mbili tulimkuta ameanguka, amelala sakafuni tangu asubuhi, wala hapana aliyemsikia. Mara ya pili alisema mwenyewe, "Mwanangu, nitafutie mahali penye watu." Neno hilo lilinichoma moyo, kwa maana naliogopa watu watasema nimemtupa.

Basi tulikwenda Morogoro sote watatu, kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024. Mama ni Mluguru; hata milima ya Uluguru ilipoonekana, akaanza kutuambia habari za utoto wake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya. Msimamizi alitupokea kwa heshima, akatuonyesha mashuka meupe na bustani ya maua. Mimi nalikuwa karibu kukubali. Lakini Mama alisimama kando ya kitanda cha mzee mmoja asiyeweza kuinuka, akaona kikombe chake cha maji kimewekwa mezani, upande wa pili wa chumba. Akamwuliza, "Ndugu yangu, ukiona kiu usiku wafanyaje?" Yule mzee akajibu, "Nangoja asubuhi." Mama hakusema neno. Alimnywesha maji, akatoka nje.

Nyumba ya pili ni ya zamani, na kuta zake zina nyufa. Tulifika saa sita mchana, saa ya chakula, bila kupeleka habari mbele. Tulisikia harufu ya maharage, si ya mkojo. Chooni mna vyuma vya kushikilia, na sakafu haitelezi. Tukamwuliza mlezi: Usiku huamka nani? Dawa hutolewa na nani, tena huandikwa wapi? Mzee akiugua, apelekwa hospitali gani, na kwa gharama ya nani? Jamaa waweza kuja siku yo yote? Alijibu yote bila kuficha, hata lililo baya: usiku yuko mlezi mmoja tu kwa wazee 19. Hilo naliliandika, nami nitaliuliza tena.

Tulipokuwa tukiulizana hayo, Mama alikuwa amekwisha kuketi kivulini pamoja na vikongwe wawili waliokuwa wakichambua mchele. Aliomba ungo, naye akachambua, wakizungumza Kiluguru. Tuliporudi jioni akasema, "Pale watu wana kazi. Nitakaa. Lakini mtakuja kila mwezi kunitazama kwa macho, si kwa simu."

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, ilisema kuwa kumtunza mzee katika makao ni njia ya mwisho, na kwamba jamaa ndio msingi. Ni kweli. Tena nyumba hizi hazikuanza kwa kutupa watu. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan huko Ufaransa, Jeanne Jugan alimchukua kikongwe kipofu nyumbani mwake, akampa kitanda chake mwenyewe. Masista wa shirika lililotoka katika tendo hilo wanawatunza wazee katika nchi nyingi, hata Nairobi.

Basi, ndugu, ikiwa nawe yakupasa kumchagulia mzazi wako mahali, usiangalie rangi ya ukuta. Angalia kikombe cha maji kiko wapi. Nenda saa ya chakula, kisha rudi siku nyingine usiku. Sema na wazee wenyewe, msimamizi asipokuwapo. Zaidi ya yote, mchukue mzee wako aone kwa macho yake, kwa kuwa ndiye atakayelala pale. Mimi nalikuwa na karatasi ya maswali 20, wala swali la kiu halikuwamo.

Mwezi ujao Mama atahamia. Ametuagiza tumnunulie ungo mpya.