Mwanao Anacheza kwa Namna Gani?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, jua likishatua na sahani za chakula cha jioni zikishaondolewa, huzuka swali moja lisilokosa: huyu mtoto atakaa mbele ya hicho kioo mpaka saa ngapi? Baba huuliza, mama huuliza, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi huuliza. Swali hilo ni la haki, wala sina nia ya kulibeza. Lakini leo nataka tukae pamoja, wewe nami, tulipime swali jingine ambalo naliona kuwa zito kuliko hilo: mtoto huyo anacheza kwa namna gani?

Ili tusiongee hewani, na tuchukue mchezo mmoja unaojulikana. Ni ule mchezo wa vipande viangukavyo, ambao watoto wengi huuita mchezo wa matofali. Vipande huteremka kutoka juu, kimoja baada ya kingine, nawe huvigeuza na kuvisogeza ili vikae vizuri chini. Safu ikijaa pasipo tundu, hutoweka. Rundo likifika juu, mchezo umekwisha. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1990 tuliufahamu katika vile vidude vya plastiki vya betri, ambavyo mmoja akiwa nacho mtaani, kumi humzunguka wakingoja zamu.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1984, mjini Moscow, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Alexey Pajitnov aliutunga akiwa mtumishi wa taasisi ya sayansi ya Umoja wa Kisovieti. Kompyuta aliyokuwa nayo, Elektronika 60, haikuweza hata kuchora picha, kwa hiyo vipande vyake vya kwanza vilikuwa alama za mabano tu. Aliuita Tetris, akiunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya nne na jina la mchezo wa tenisi, maana kila kipande kimeundwa kwa miraba minne. Maumbo yako saba: fimbo ndefu, sanduku, herufi T, majembe mawili yanayopeana mgongo, na ngazi mbili zilizopinda, moja kushoto na nyingine kulia. Mchezo ulizunguka dunia nzima, lakini mtungaji mwenyewe hakuanza kupata malipo ya haki zake mpaka mwaka 1996.

Wapenzi wa mchezo huo hawakuketi kungoja makampuni. Tangu zamani wamekuwa wakiunda ya kwao, kila mmoja akiongeza alichoona kimepungua. Jambo hili lina mipaka yake kisheria. Mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani, katika jimbo la New Jersey, iliamua kwamba kanuni za mchezo ni wazo ambalo halimilikiwi na mtu kwa hakimiliki, lakini kunakili sura yake ni kosa. Hata hivyo kazi za wapenzi ziliendelea kuchipua. Mojawapo ya zilizovuma sana ni ile iitwayo TETR.IO, iliyotolewa mwaka 2020 na mtungaji anayejulikana kwa jina la osk tu. Huchezwa bure kwa njia ya intaneti, na ndiyo iliyoingia nyumbani kwangu hapa Dodoma.

Sasa angalia, msomaji, jinsi mchezo mmoja unavyogawanyika. Namna ya kwanza ni mbio za safu arobaini. Uwanja una upana wa miraba kumi, basi safu arobaini ni miraba 400, yaani vipande mia moja hasa kwa asiyebakiza kitu. Hapa adui wako ni saa. Namna ya pili ni ya dakika mbili tu: kusanya pointi kadiri uwezavyo kabla ya muda kwisha. Namna ya tatu ni kupambana na watu wengine. Kila ukifuta safu kadhaa kwa pamoja, mwenzako husukumiwa safu za takataka kutoka chini, rundo lake likapanda. Naye hukulipa vivyo hivyo. Namna ya nne haina mwisho. Ukijaza uwanja mpaka juu, hakuna anayekuambia umeshindwa. Uwanja husafishwa, nawe huendelea usiku kucha ukipenda.

Vipande ni vile vile saba na vidole ni vile vile kumi, lakini aliyemo katika mbio za safu arobaini na aliyemo katika mchezo usio na mwisho hawako mahali pamoja hata kidogo. Nililiona jambo hili kwa macho yangu mwenyewe.

Dada yangu mkubwa alifariki dunia, Mungu amlaze mahali pema, akaacha mtoto mmoja wa kiume. Baada ya arobaini tulimchukua kutoka Mpwapwa akaja kukaa nasi. Hakuwa mkorofi. Alichota maji, alifagia ua, aliitikia "Ndiyo, mjomba" kwa adabu zote. Lakini zaidi ya hilo hakusema. Jioni aliomba kompyuta yangu, akaketi pembeni ya sebule, akacheza mchezo huo mpaka tulipokwenda kulala. Majirani walitoa ushauri kwa nia njema: mnyang'anyeni, kitu hicho kitamla akili. Mke wangu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na sababu, kwani kijana alianza kusinzia darasani. Nilimsihi tutazame kwanza. Nilipotazama jioni tatu mfululizo niligundua jambo moja: mbio hakuzigusa, mapambano hakuyagusa. Kila siku alichagua ile namna isiyo na mwisho.

Aliyefungua mlango si mimi, bali ni baba yangu mzazi. Yeye ni fundi mwashi. Alishika mwiko hapa Dodoma katika miaka iliyofuata uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi, akajenga mpaka goti lilipomkatalia. Kwake yeye ukuta ni timazi, pimamaji na uzi, na maungio ya kozi ya juu hayaangukii juu ya maungio ya kozi ya chini. Jioni moja alivuta kigoda, akaketi nyuma ya mjukuu wake, akatazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa mshangao wa kweli:

"Ujenzi gani huu, mjukuu wangu? Kozi iliyonyooka ndiyo mnaibomoa, iliyoharibika ndiyo mnaiacha?"

Kijana alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini mke wangu aliyekuwa jikoni alitoka kuja kuhakikisha. Tangu siku ile mzee akawa anaelekeza, kijana anabonyeza. "Laza hilo. Usisimamishe, utaacha tundu. Hilo jembe lipeleke ukingoni." Mara nyingi maelekezo yake yalikuwa ya mwashi kuliko ya mchezaji, na rundo lilifika juu upesi. Uwanja ukasafishwa, vipande vikaanza tena. Usiku mmoja mzee akauliza:

"Mbona mchezo huu haufi?"

"Huku hakuna anayeshindwa, babu. Kule kwingine ndiko watu wanashindwa."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi kaa huku mpaka upumzike. Ukichoka kupumzika uniambie, twende kule kwa kushindwa, tuwe wawili."

Sikuongeza neno, wala halikuhitajika. Mtoto aliyepoteza mama alikuwa amejitafutia mahali pekee ambapo jambo likiharibika hurekebishwa papo hapo, wala halina kilio. Kumpokonya mahali hapo bila kumpa pengine kungekuwa sawa na kumtoa mtu kivulini saa saba za mchana, kiangazi, akasimame kwenye vumbi. Vile vile kumwacha humo peke yake kungekuwa kumtelekeza. Mzee alifanya la tatu: aliingia kivulini akaketi naye. Kuhusu usingizi tulikubaliana saa tatu na nusu iwe mwisho, na mwenye kusimamia saa awe babu.

Ilichukua wiki nyingi. Ndipo jioni moja kijana mwenyewe akasema, "Babu, leo twende kule." Walichagua mapambano, wakapigwa vibaya na watu wasiowajua. Safu za takataka zilipanda kama maji ya mvua ya masika, na wote wawili walikuwa wakipiga kelele. Baadaye kidogo, kijana akiwa anafunga kompyuta, alituambia jambo la kwanza kuhusu mama yake tangu aje kwetu: kwamba naye alikuwa akikasirika hivyo hivyo akishindwa karata. Tulimsikiliza mpaka saa nne ikapita, na mwenye saa hakusema kitu.

Sisemi kwamba mchezo ni dawa. Kijana huyo bado ana siku zake za ukimya, na jioni nyingine hurudi kwenye ile namna isiyo na mwisho. Ninachosema ni kwamba tungehesabu saa peke yake tusingelijua lolote. Saa mbili za kwanza na saa mbili za baadaye zilikuwa sawa kwa hesabu, ila hazikuwa sawa kwa maana.

Wala hekima hii si ngeni kwetu. Tazama bao. Kwenye ubao ule ule wa mashimo 32 na kete 64, yapo mabao mawili. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete mbili mbili huwekwa katika kila shimo na zote zinaonekana tangu mwanzo. Na lipo bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji hubaki na kete 22 za akiba na kuzinamua moja moja kabla ya kufikia mtaji. Mzee anayekukaribisha barazani hukupima kwanza: huyu amekuja kujifunza, amekuja kushindana, au amekuja kwa sababu nyumbani hapakaliki? Kisha hupanga kete kwa kadiri ya haja yako. Bao nalo halina kampuni. Mwenye patasi huchonga ubao, na mtoto asiye na ubao huchimba vishimo ardhini akatumia mbegu au vijiwe. Wapenzi wa mchezo wa vipande viangukavyo wamefanya kwa kompyuta kile ambacho wachongaji wetu wamekifanya kwa mti miaka mingi.

Liko jambo moja jingine katika mchezo huu ambalo mzee alilipenda nilipomweleza. Wataalamu wa hesabu walithibitisha katika miaka ya 1990 kwamba zile ngazi mbili zilizopinda zikija kwa kupokezana bila kukoma, hakuna mchezaji duniani, hata awe hodari vipi, atakayeepuka kushindwa. Watungaji wa siku hizi huweka maumbo yote saba kana kwamba yako mfukoni, wakayachanganya, wakayatoa yote kabla ya kujaza mfuko upya. Kwa utaratibu huo fimbo ndefu haiwezi kukosekana kwa zaidi ya vipande kumi na viwili. Mzee alitafakari, akasema maisha hayana mfuko wa namna hiyo. Yako majira ambayo ngazi zilizopinda huja mfululizo, na ndiyo maana Mungu akaweka jamaa. Sina la kuongeza juu ya hapo.

Basi, ndugu yangu mfanyakazi, urudipo nyumbani umechoka na ukamkuta mwanao ameinamia kioo, endelea kuuliza saa, maana usingizi na masomo havina mbadala. Lakini usiishie hapo. Ukimkuta katika mbio, muulize anamkimbiza nani. Huenda ni darasani ambako amechoka kuitwa wa mwisho. Ukimkuta katika mapambano, muulize anapigana na nani, kwani wengine wa upande wa pili ni watu wazima usiowajua, na ni wajibu wako kuwajua. Ukimkuta katika ule usio na mwisho, siku nyingi mfululizo, usipige kelele. Huenda amechoka tu kama wewe ulivyochoka. Huenda pia amebeba jambo lisilosemeka.

Vuta kigoda ukae nyuma yake. Huhitaji kujua kompyuta. Uliza kwa nini kozi iliyonyooka hubomolewa, au uliza lolote lililo la kweli kwako. Mtoto hutambua swali la kweli na swali la kumtega. Kazi za nyumbani ni nyingi na jioni ni fupi, nalijua hilo. Lakini robo saa haimshindi mzazi, na aghalabu hiyo ndiyo robo saa ambayo mtoto alikuwa akiingoja.